Naomba ushauri: kiwanja cha Bunju, video inavutia lakini moyo unasita

Wakuu, habari za leo. Mimi ni muuguzi, niko Mbeya. Kwa miaka saba nimekusanya milioni 18, nusu yake imetokana na kikoba. Nataka kiwanja Dar nijenge nyumba mbili ndogo za kupangisha.

Dalali amenitumia video ya droni: mita za mraba 620 upande wa Bunju, si mbali na Mto Mpiji, majani mabichi, gari linafika hadi mlangoni. Kanitumia na pini ya WhatsApp inayoonyesha kiwanja kilipo. Anasema yupo mteja mwingine, kwa hiyo nitume advansi kabla ya Ijumaa.

Kinachonisumbua, video ni ya Septemba. Na mvua za 2024, zile ambazo Waziri Mkuu alitangaza bungeni kuwa zimeua watu 155 nchini, zilimkuta dada yangu kwenye chumba cha kupanga Kinondoni. Aliamka usiku godoro limeloa chapachapa. Nikiwa huku huku Mbeya, nitajuaje maji hufika wapi?

Jirani wa Boko
Usitume hata shilingi. Kila dalali ana mteja mwingine.

Mpima ardhi
Dada, hiyo pini ifungulie Google Earth kwenye kompyuta, uingie kwenye picha za miaka ya nyuma. Rudi hadi ya kwanza kabisa, kisha uzipitie moja moja. Mteja wangu mmoja alikuja na hati safi, upekuzi ofisi ya ardhi tukafanya, jina la muuzaji ndilo lenyewe. Picha za zamani zikaonyesha mkondo unakatiza katikati ya kiwanja. Ulikuwa umefukiwa kwa vifusi na kusawazishwa kwa greda. Hati inakwambia mwenye ardhi ni nani. Habari za maji hazimo.

Majani mabichi Septemba wakati pembeni kumekauka? Hapo maji yako karibu na uso wa ardhi. Mwambie dalali arudi apige video kwa simu akitembea, aelekeze kamera chini. Ukiona matete, achana nacho.

Halafu pima umbali kwa rula ya humo humo Google Earth, kuanzia ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Na kingo za mchanga huliwa kila masika, kwa hiyo mita 70 za leo usizihesabu kuwa zako.

Mama wa Mabwepande
Mwanangu, Desemba 2011 tulikuwa Jangwani. Maji yalifika juu ya dirisha, tukapandisha watoto kwenye paa la jirani. Serikali ndiyo ikatuleta huku Mabwepande. Kompyuta ni nzuri, lakini njoo mwenyewe. Uliza wapangaji, usiulize wenye nyumba, maana mwenye nyumba analinda bei. Tazama kuta za nje: pale maji yalipofika rangi hubambuka kwa usawa mmoja nyumba hadi nyumba, hata wakipaka upya.

Mwenye vyumba Tandale
Naongezea upande wa kodi. Wapangaji siku hizi wanauliza maji kabla ya umeme. Chumba kikiingia maji mara moja, mtaa mzima unajua, na unakipangisha kwa bei ya chini mpaka uchoke. Pitia pia ramani za Ramani Huria kama mtaa huo umo. Tangu 2015 vijana na wanafunzi wa vyuo wamezunguka Dar wakichora mifereji na kuwauliza wakazi maji hufika wapi.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nimekaa intaneti kafe saa mbili. Ni mita 48 kutoka ukingoni, na kwenye picha mbili za nyuma kona ya kiwanja imegeuka mchanga mtupu. Nimemwambia dalali sikichukui. Sasa ananionyesha kingine, mwinukoni, mita za mraba 400 kwa bei ile ile. Hiki nitakuja kukiona Aprili, mvua zikiwa zinanyesha. Mama, naweza kupita kwako?

Mama wa Mabwepande
Karibu sana, mwanangu. Ukifika stendi ya Mbezi nipe taarifa, nimtume kijana akupokee. Njoo na mabuti.