Fildi kwenye NGO: kituo cha watoto, VICOBA Kilosa au ofisi kubwa Masaki?

Kibubu21 (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Nasoma BBA (shahada ya utawala wa biashara) mwaka wa pili. Fildi (mafunzo kwa vitendo) ni wiki nane na inahesabiwa kwenye krediti za mwaka. Benki nimeziacha makusudi, nataka shirika lisilo la kiserikali. Barua tatu zimejibiwa:

1. Kituo cha watoto yatima Kigamboni. Ni jirani na kwa shangazi, kula na kulala bure. Kazi wameandika "kusaidia shughuli za ofisi".
2. NGO ndogo ya Kilosa inayolea vikundi vya VICOBA (vya kuweka akiba na kukopeshana). Chumba nitajipangia.
3. Shirika la kimataifa Masaki, kitengo cha manunuzi. Jina kubwa, kiyoyozi, daladala mbili kwenda na mbili kurudi.

Posho ya Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku, siku zisizozidi 56, yaani hata ikitoka yote ni 560,000. Mngekuwa nyie mngeenda wapi?

Mzee Leja
Dogo, achana na jina, angalia utaandika nini kwenye logibuku (daftari la kazi za kila siku za fildi). Nimepokea vijana wa fildi miaka mingi kwenye mashirika haya. Ofisi kubwa kijana anaishia kupanga mafaili na kutoa kopi, maana mfumo wa hesabu una nywila na hakuna wa kumpa. Ofisi ndogo atashika vocha ya malipo siku ya kwanza, pengine kwa kuwa hakuna mwingine wa kuishika.

Halafu kuna hili la fedha za mfadhili, ambalo darasani hupitiwa juu juu. Kila mfadhili ana bajeti yake. Hela ya visima hainunui mafuta ya gari la mradi wa lishe, hata kama akaunti ya benki ni moja na gari limezimika barabarani. Mwisho wa mwaka hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio, lakini wanaodai hesabu ni wengi: mfadhili, bodi, Msajili wa NGO. Na wanaodhani NGO haigusi kodi wajue PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ya wafanyakazi iko palepale.

Dada wa Ubungo
Shikamoo mzee. Nakubali, ila udogo peke yake hautoshi. Mimi nilienda kituo cha watoto, sikitaji. Wiki sita kati ya nane nilifua, nilikoroga uji, nilisindikiza watoto zahanati. Sijutii, wale watoto nawakumbuka mpaka leo. Lakini mhadhiri alipokuja kukagua akauliza, "Udhibiti wa fedha hapa ukoje?" Nikabaki natazama sufuria. Nikapata C.

Kibubu, ukienda Kigamboni waambie mapema kwamba unataka kuhesabu stoo ya misaada (mchele, sabuni, mitumba) na kuifungulia leja. Misaada ya vitu ndiyo hupotea kimyakimya, na ripoti nzuri inatoka hapo.

NairobiKwetu
Huku kwetu, pale USIU-Africa, huduma kwa jamii ni kozi kando, haichanganywi na atachimenti (fildi yenu). Ukikoroga uji, huo uji ndio kazi yenyewe, hakuna wa kukuuliza leja. Nyinyi mmebebesha fildi moja mizigo miwili, ndiyo maana dada alipewa C.

Dada wa Ubungo
Umenigusa kidonda 😂

Mkaguzi Mtaani
Kilosa, bila kufikiria mara mbili. Hesabu za VICOBA unaziona kwa macho: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, hisa zinaingizwa kwenye vitabu mbele ya kikundi kizima, na mzunguko ukiisha wanagawana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na vinatakiwa visajiliwe, kwa hiyo kazi ya katiba, fomu na orodha za wanachama haikosekani. Mada ya ripoti unayo tayari.

Ila uliza kwanza nani atakusimamia. NGO ya watu watatu ambayo mhasibu anaonekana Ijumaa tu itakutesa. Mimi logibuku yangu ilisainiwa wiki zote nane kwa mpigo, kalamu moja, wino mmoja. Mhadhiri alicheka kwanza, kisha akakata alama.

Mzee Leja
Wino mmoja! Hao tunawajua. Kibubu, beba pia akiba ya kula wiki mbili za mwanzo, usiende mikono mitupu ukingojea posho.

Kibubu21
Asanteni wakuu. Leo nimepiga simu Kilosa. Mhasibu yupo Jumatatu hadi Alhamisi na ndiye atakayesaini kila wiki. Kuna vikundi viwili vimeshindwa kufunga mzunguko kwa sababu vitabu havilingani na hela ya sandukuni, ndivyo nitakavyoanza navyo. Kisha akaniuliza kama najua kuendesha pikipiki. Nimejibu najua. Sijui. Kuna anayefundisha maeneo ya Mbezi?