Koufax au Spahn: nani mrushaji bora wa mkono wa kushoto?

Kashoto: Kwenye besiboli ya Marekani ya zama zile, kwa warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, mimi namweka Warren Spahn juu. Ushindi 363, misimu 13 ya ushindi 20 au zaidi, na hapo misimu mitatu ilimezwa na Vita Kuu ya Pili. Sandy Koufax aliwaka miaka sita tu, mwaka 1966 akakimbia kazi ana miaka 30. Kwa nini kila mtu anaanza na Koufax?

Nyangumi77: Itazame hiyo miaka sita. 1961 hadi 1966 kashinda 129, kapoteza 47. Mechi nne wapinzani hawakupata hiti (pigo la kumfikisha mpigaji kwenye besi, kituo cha kukimbilia) hata moja. Ile ya Septemba 1965 dhidi ya timu ya Cubs, hakuna aliyefika hata besi ya kwanza!

MamaWawili: "Akakimbia kazi"? Kashoto, futa hilo neno. Kiwiko cha Koufax kina baridi yabisi, anachomwa sindano za kotizoni za kutuliza uvimbe, na bado msimu wa mwisho kashinda mechi 27. Mume wangu alibeba mizigo mpaka mgongo ukagoma, na majirani wakasema hivyo hivyo, kakimbia kazi. Linauma.

Kashoto: Dada, shemeji sikumgusa. Nasema Spahn alijeruhiwa vitani Ulaya, akarudi, akarusha mpaka 1965. Mechi zake mbili za bila hiti alizipata ana miaka 39 na 40.

Mlimani: Kwa hiyo asiyepigwa risasi hajaumia? Wa kuulizwa ni wenye timu. Mwanzoni mwa 1966 Koufax na mrushaji mwenzake wa Dodgers, Don Drysdale, waligoma pamoja, wakitaka dola milioni moja kwa wote wawili, miaka mitatu. Koufax akaishia na 125,000 za mwaka mmoja. Angeenda wapi? Mkataba wa siku zile ulikufunga kwa timu moja hadi wao wakuchoke. Walimkamua.

Nyangumi77: Jamani, swali lilikuwa nani bora.

Kashoto: Kakamuliwa vipi? 1965 aligoma kurusha mechi ya kwanza ya World Series, fainali za besiboli, kwa sababu ya Yom Kippur, siku takatifu ya Wayahudi, na alisikilizwa. Huyo si mtu wa kuonewa.

MamaWawili: Siku moja ya ibada unamhesabia! Mechi ya saba ya fainali hizo alirushishwa baada ya kupumzika siku mbili tu. Mkono umechoka, akategemea mipira ya kasi, Dodgers wakashinda 2-0. Mwaka uliofuata kiwiko kikamshinda. Angesubiri mpaka mkono upooze ndiyo umwite mwanamume?

Mlimani: Na minyororo ya mikataba ile ilikuja kukatika 1975. Yeye keshaondoka siku nyingi.

Nyangumi77: Narudia: Spahn au Koufax?

MamaWawili: Kashoto kwanza afute.

Kashoto: Sifuti. Ila nitaandika "aliacha".

MamaWawili: Andika basi.