Nikilala chali mwisho wa yoga, kichwa ndiyo kinafungua ofisi. Nakosea wapi?

mgongo_mgumu
Wanajamvi, habari zenu. Nimeanza yoga miezi mitatu iliyopita kwa ajili ya mgongo, maana kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Mgongo umepata nafuu, hapo sina ugomvi. Shida ni ile ahadi ya pili: akili kutulia, mtu kujijua. Mwalimu akisema kaeni hapo kwa pumzi tano, nakaa, hata mapaja yakiwaka moto. Ila tukifika ule mkao wa maiti, macho yamefumbwa, nagombana upya na bosi, nakumbuka deni, naandika barua pepe kichwani. Juzi machozi yalinitoka na sijui nalilia nini, nikajifanya nafuta jasho. Wenzangu wametulia kama maji ya mtungini. Yoga si yangu, au kuna kitu nakiruka?

mkoromaji
Mkuu, hao unaowaona wametulia nusu yao wamelala. Mimi nimeshaguswa bega na mwalimu mara mbili. Eti nakoroma.

Bi_Subira
Ndugu yangu, nikuulize: mapaja yakiwaka moto, taya lako linafanya nini?

Mimi ilinichukua miaka miwili kugundua kwamba kila nikisimama kwa mguu mmoja nauma meno, na vidole vya mguu vimeukamata mkeka kana kwamba kuna mtu anataka kuuiba. Baadaye nikajikuta nafanya vilevile nikiongea na kaka yangu kwenye simu. Meno yamekazwa, pumzi imesimama, na mdomoni nasema "hakuna shida kaka". Nilikuwa nasubiri kujijua kuje kama mwanga kutoka darini, kumbe kulikuwa kwenye taya.

Hiyo mikao unayoihangaikia, Patanjali, yule mwalimu wa kale wa India aliyeandika misingi ya yoga, hakuipa nafasi kubwa. Kitabu chake, Yoga Sutra, kina mistari isiyofika 200, na inayozungumzia mkao wenyewe ni mitatu tu. Mmoja unasema mkao uwe imara na wa starehe. Starehe, siyo moto! Mwanzoni kabisa anaeleza yoga ni kutuliza misukosuko ya akili. Katika hatua zake nane mkao ni ya tatu, na kujisoma nafsi, wanakoita svadhyaya, kumo ndani ya hatua ya pili. Madarasa mengi yanaanzia katikati, halafu tunashangaa.

Kwa hiyo usipigane na hayo mawazo. Likija la bosi, liite jina kimoyomoyo, "kazi", kisha rudi kwenye pumzi. Likirudi, nawe rudi. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa sita, maana moyo hupunguza mwendo kidogo tunapotoa pumzi. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida.

Machozi wengi yanawatoka, usione haya. Ila yakikufuata hadi nyumbani na usingizi ukapotea, muone mtaalamu wa afya ya akili. Hiyo si kazi ya mwalimu wa yoga.

macho_wazi
Nakubaliana na Bi Subira isipokuwa jambo moja ambalo hakuligusa. Si kila mtu anatulizwa na kufumba macho. Mimi nikifumba ndiyo hofu inapanda. Nalala ubavu, macho wazi, nimekazia doa moja ukutani. Hakuna sheria inayokulazimisha ulale chali kama maiti. Na haya mambo ya kujijua yasitiwe chumvi, siku nyingine unagundua tu kwamba umechoka.

mgongo_mgumu
Bi Subira, umeniloga? Jana nimechunguza taya: meno yamekazwa kama koleo. Halafu kubwa zaidi, kwenye ule mkao wa shujaa nilikuwa sipumui kabisa. Nilikuwa namtazama jamaa wa mstari wa mbele nione nani ataushusha mkono kwanza. Miezi mitatu nashindana na mtu asiyejua kama tuna mashindano! Nikacheka peke yangu, mwalimu akanigeukia. Kulala chali bado, bosi alikuja mara sita hivi. Nilimwita "kazi" kila mara.

Swali dogo: hiyo nne kwa sita ni kwa pua au mdomo?

Bi_Subira
Pua. Na uhesabu taratibu, siyo kama mtu anayehesabu hela huku foleni inamsubiri.

mkoromaji
Huyo wa mstari wa mbele, asije akawa mimi.