Mahaba na upendo SIYO kitu kimoja! Muuza mashada kanidhalilisha msibani

Wakuu, nina hasira, acheni nizitemee hapa.

Ijumaa tumemzika mwenzetu wa ofisini. Mimi ndiye niliyetumwa kuagiza shada. Nikamwandikia jamaa kwenye karatasi, herufi kubwa, asije akasingizia mwandiko: UPENDO WAKO HATUTAUSAHAU. Chini yake, Kitengo cha Uhasibu. Nikalipa yote taslimu.

Nimelichukua likiwa kwenye nailoni, sikusoma. Hilo kosa langu. Makaburini tukaitwa, nikaliweka, nikamwona mjane, wifi yetu, anainama kusoma. Riboni ya zambarau, maandishi ya dhahabu: MAHABA YAKO HATUTAYASAHAU. Na kitengo chenyewe ni wanawake wanne na mzee mmoja anayesubiri kustaafu! Wifi akainua uso, akatutazama mmoja mmoja. Yule mzee alimruka.

Nampigia jamaa, eti, "Dada, upendo limezoeleka mno, nikakuwekea lenye mvuto. Si kitu kilekile?"

Kilekile?! Huko Uarabuni lilikotoka, mahabba unaweza hata kumpa Mungu. Lilipofika kwetu likavua viatu likaingia chumbani, kwenye udi na asumini, na halijatoka hadi leo. Angeandika mapenzi ningejitetea, maana mapenzi yana milango mingi: "mpenzi msikilizaji" wa redioni hajatongozwa na mtu, mpenzi wa Yanga ni shabiki tu, na kwenye Baba Yetu tunasema "mapenzi yako yatimizwe" tukimaanisha matakwa ya Mungu. Upendo ndio ule wa 1 Wakorintho 13, unaovumilia na usiohusudu. Huo unampa jirani, unampa bosi, unampa marehemu mkewe akiwa amesimama pale pale. Sasa mahaba ya watu watano kwa mume wa mtu nayaelezaje?

Tena kama angekosea herufi ningenyamaza. Huyu kakaa, kafikiri, kanisahihisha! Na huwa anaandikia watu kadi za harusi, sijui huko anaweka nini.

Nimedai hela yangu, anasema atanichapia riboni nyingine bure. Nikaibandike wapi, kaburini?

Wifi hapokei simu zangu tangu Ijumaa. Na mchango wa arobaini nimepangiwa mimi kuupeleka.