Mteja yuko Chicago, mimi Dar: kila swali linakula siku nzima. Mnafanyaje?

pikseli_kavu:
Wakuu, habari za kazi. Natengeneza tovuti kwa WordPress, na kwa sasa nina wateja watatu: Chicago, London na Muscat. Kazi yenyewe haina shida, shida ni mawasiliano. Marekebisho yanakuja vipande vipande: sauti ya dakika nne WhatsApp, barua pepe ya maneno matatu ("logo ikae sawa"), skrinishoti yenye ukungu. Nikiuliza swali, jibu kesho. Jibu likizaa swali la pili, hilo ni la keshokutwa. Ukurasa wa siku mbili unafika wiki mbili. Mnapangaje saa, maswali na marekebisho? Na tafadhali, msinishauri programu mpya. Hawa hata Figma (programu ya kuonyesha michoro ya kurasa) wameifungua kwa kubembelezwa.

jua_la_saa_sita:
Anza na saa, mkuu. Sisi tuko UTC+3 (saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC) mwaka mzima, wenzetu wanasogeza. Chicago iko nyuma yetu saa 9 majira ya baridi na saa 8 majira ya joto. London saa 3, kisha 2. Muscat iko mbele saa moja tu na haibadiliki. Marekani inasogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kwa hiyo ipo wiki ambayo kikao cha Chicago kimesogea na cha London bado. Kwenye kalenda, kikao kiweke kwa saa za mji wa mteja, usiandike "UTC-6". Kitahama chenyewe.

Chicago ikifungua ofisi saa mbili asubuhi yao, hapa ni saa kumi au kumi na moja jioni. Maswali yako yawe yametumwa kabla ya hapo, ayakute juu kabisa anapofungua barua. Kisha kaa karibu na simu mpaka saa mbili usiku. Muda mwingine wote fanya kazi yako, usisubiri mtu aliyelala.

Muscat wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Ukituma Alhamisi jioni, hesabu jibu Jumapili, siku ambayo London hawapo.

Halafu kuna mtego wetu wenyewe: mteja anayezungumza Kiswahili akikuambia "tuongee saa nne", ni 10:00 au 16:00? Waliokaa sana nje huchanganya. Jibu kwa tarakimu: "16:00 Muscat, 15:00 Dar". Tarehe nazo andika kwa jina la mwezi, maana 03/04 London ni tarehe 3 Aprili na Chicago ni tarehe 4 Machi.

kitufe_cha_kijani:
Saa ni nusu tu. Kinachomla mwenzetu ni idadi ya mizunguko. Ukiwa na tofauti ya saa 9, kila nenda-rudi ni siku moja, kwa hiyo ujumbe mmoja unapaswa kumaliza jambo moja bila kuhitaji wa pili.

Ukiuliza "Ungependa fomu ya mawasiliano iweje?", atajibu "ya kawaida tu", na umerudi pale pale. Andika hivi, kwa lugha yake bila shaka:

"Fomu ya mawasiliano. A: jina, barua pepe, ujumbe. B: hivyo vitatu, pamoja na simu na tarehe ya miadi. Napendekeza A, ni rahisi kujaza kwenye simu. Ujumbe ufike kwenye anwani ipi? Nisipopata jibu hadi Alhamisi 12:00 ya Chicago, nitaweka A na anwani iliyopo kwenye tovuti ya sasa. Kubadilisha baadaye ni nusu saa ya kazi."

Hapo anajibu "A, sawa" akiwa kwenye foleni ya kahawa. Hata akinyamaza, kazi inaenda.

Na salamu. Najua tulivyolelewa, lakini "Habari za leo?" peke yake ikisubiri kuitikiwa imeshachoma siku. Salamu na swali ndani ya ujumbe mmoja. Mzee wa Muscat msalimie kikamilifu, mjulie hali na nyumbani, kisha swali lifuate hapo hapo.

mzani_wa_kazi:
Naongeza tahadhari kwenye hilo la "nisipopata jibu". Liwe limeandikwa kwenye mkataba, na litumike kwa vitu vinavyorudishika tu: rangi, mpangilio, sehemu za fomu. Bei, kufuta kurasa, kuhamisha domeni (jina la anwani ya tovuti) na kuchapisha tovuti vinasubiri "ndiyo" iliyoandikwa, hata kama amenyamaza siku kumi.

Mkataba huo huo utaje mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Mume anataka bluu, mke kijani, mhasibu anauliza kwa nini si nyeupe: wakubaliane wao kwanza, wewe upokee orodha moja. Mizunguko miwili ya marekebisho imo kwenye bei, wa tatu unalipiwa.

kashe_safi:
Kwa marekebisho hatuhitaji programu mpya, jedwali la Google linatosha. Safu sita: namba, kiungo cha ukurasa, kifaa na kivinjari, kilichopo sasa, kinachotakiwa, hali. Usimtegemee mteja alijaze. Sauti yake ya dakika nne isikilize, igeuze mistari wewe, mrudishie: "Nimesikia mambo 7, yako hapa. Kuna lililosahaulika?" Ile "logo ikae sawa" inakuwa: "Na. 3, kompyuta, kimo cha logo kitoke pikseli 40 hadi 56. Kwenye simu ya upana wa 360 ibaki 32." Hapo hakuna cha kubishania.

Ukungu wa skrinishoti unatoka WhatsApp, inabana picha. Mwambie aitume kama faili.

Akisema "mbona sioni mabadiliko", usibishane. Kashe (nakala za zamani za ukurasa zilizohifadhiwa) zinaweza kuwa tatu: ya kivinjari chake, ya plagini (programu ya nyongeza) ya WordPress, na ya CDN (seva za kati zinazosambaza nakala za tovuti) kama ipo. Mbili za mwisho zisafishe wewe kabla ya kumtumia kiungo. Ya kwanza, afungue ukurasa kwenye dirisha la faragha. Ctrl+F5 haimsaidii mtu aliye kwenye simu. Na chini kabisa ya tovuti ya majaribio weka maandishi madogo: "Toleo 14, 3 Aprili 16:20". Muulize tu anaona toleo lipi. Akisema 13, usiguse msimbo, tatizo ni kashe. Yafute siku ya kuchapisha, watu husahau.

pikseli_kavu:
Hilo la toleo naliweka leo. Mbili za mwisho: vikao vya video mnafanya vingapi? Na huyu wa London kanitumia nywila ya hostingi (huduma inayohifadhi tovuti) kwa WhatsApp.

mzani_wa_kazi:
Vikao viwili: mwanzo, na kabla ya kuchapisha. Katikati rekodi skrini dakika tatu, 720p inatosha, ukitembeza ukurasa huku ukieleza. Chini ya kiungo andika "0:40 menyu, 1:50 fomu" ili asitazame yote. Baada ya kikao tuma maamuzi kwa maandishi ndani ya saa moja.

Nywila: aibadilishe leo, kisha akufungulie akaunti yako mwenyewe kwenye WordPress. Kazi ikiisha anaifuta. WordPress itauliza maudhui yako yaende kwa nani. Achague jina lake, asichague kuyafuta, la sivyo kurasa ulizounda zinaondoka nawe.

kashe_safi:
Na akitaka uhamishe domeni ielekee seva mpya, mtumie maelezo siku mbili kabla: TTL (muda ambao anwani ya zamani hukumbukwa mtandaoni) inashushwa hadi sekunde 300, inabadilishwa rekodi ya A tu (inayoelekeza kwenye seva ya tovuti), MX (ya barua pepe) haiguswi. Mwambie wazi kwamba barua pepe zitaendelea kufika, ila wengine wanaweza kuona tovuti ya zamani kwa saa kadhaa. Usipomwambia, saa nane usiku simu yako italia.