Tupeane uzoefu: maalim, katekista au mwalimu wa utotoni aliyekupandia imani

Mwana wa Kisiju: Wakuu, jana nimepita uchochoro mmoja Mbagala nikasikia watoto wanaghani "alifu fat'ha a, alifu kasra i". Nikasimama, machozi yakanitoka. Nimemkumbuka mzee aliyenisomesha chuo cha Qur'ani, sisi juu ya jamvi, yeye anasuka ukili wa mkeka kafumba macho. Ukikosea herufi moja kati ya watoto thelathini anakutaja jina, macho bado kayafumba. Ada ilikuwa pesa ya Alhamisi. Asiye nayo alileta kuni, asiye na kuni alikuja hivyo hivyo. Nilipomaliza Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Qur'ani, alichinja jogoo wake mwenyewe, maana baba alishafariki. Sikumshukuru hadi anazikwa. Leteni wa kwenu.

Mama Sale: Wangu katekista wa kigango chetu, Rombo. Padre alifika mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine zote ni yeye, na mtu akifa usiku mlango unaogongwa ni wake. Mdogo wangu alipofariki kila mtu mzima alikuwa na maelezo. Yeye nilipomuuliza kwa nini Mungu kamchukua, alikaa kimya muda mrefu, akasema: "Sijui, mwanangu. Twende tukampandie sale." Tukaenda, tukaupanda huo mmea wetu Wachagga kaburini kwake. Nipo kanisani mpaka leo kwa sababu ya ile "sijui".

Kijana wa Ilala: Huyo katekista kama maalim wetu kabisa.

Fundi Juma: Mnasifia tu. Wangu alinicharaza bakora mpaka nikauchukia msahafu. Miaka kumi na tano sikukanyaga msikiti.

Mwana wa Kisiju: Pole ndugu yangu, ila bila bakora tusingesoma.

Fundi Juma: Wewe huyo msuka ukili alikuchapa?

Mwana wa Kisiju: Hata siku moja. Hapo umenishika.

Binti wa Wete: Samahanini, mie hili sijapata kuliandika. Nilikuwamo kwenye meli iliyozama mkondo wa Nungwi, Septemba 2011, tukirudi Pemba. Usiku, giza, watu wanaitana majina. Tulishika godoro moja watu watatu. Kufika alfajiri tulikuwa wawili. Yule mama alipoachia, akili yangu ilifutika, hata shahada sikuikumbuka. Kisha mdomo ukaanza wenyewe: "Laa ilaaha illaa anta, subhaanaka, innii kuntu minadh-dhaalimiin." Dua ya Nabii Yunus. Maalim wetu alitusomesha kila jioni mlangoni, tunatafuta viatu tukimbilie nyumbani. Tuliidhania ni ya kuagana tu. Niliisoma mpaka boti zikatuona.

Kijana wa Ilala: Allahu Akbar.

Mama Sale: Mimi Mkristo, mwili wote umesisimka. Ulimwambia?

Binti wa Wete: Nilimwendea baada ya wiki mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno. Akaingia ndani, nikamsikia analia nyuma ya pazia.

Fundi Juma: Dada, nimenyamaza.

Mwana wa Kisiju: Sasa aliyekwisha kufa unamshukuruje?

Kijana wa Ilala: Mchimbie kisima, thawabu zinamfuata kaburini.

Msharika wa Machame: Kisima pesa zote hizo? Nenda kwa watoto wake. Mimi mwinjilisti aliyenifundisha kipaimara kaacha mjane, kila Krismasi nampelekea sukari kilo tano.

Mama Sale: Sukari kwa bibi wa umri huo! Peleka mchele.

Msharika wa Machame: Sukari anaitaka mwenyewe, na ananitazama mpaka nimalize chai.

Fundi Juma: Msomee hitima, inatosha. Kisima acha.

Mwana wa Kisiju: Binti yake yupo nyumba ile ile. Jumamosi napanda gari la Kisiju.

Binti wa Wete: Ukifika muulize kama jamvi bado lipo.