Macho ya njano wiki sita baada ya kuchomwa uvimbe wa ini

Wakuu, mama alichomwa uvimbe wa sentimita 3 kwenye ini kwa sindano ya joto. Alirudi salama, akatania wajukuu. Sasa macho ni ya njano, mkojo umekolea, choo kimepauka, anajikuna usiku kucha. Saratani imerudi?

Jibu 1: Pole. Si lazima. Mimi nilipatwa na hayohayo mwezi wa pili baada ya kuchomwa. Uvimbe wangu ulikuwa karibu na lango la ini (pale mishipa mikubwa na mrija wa nyongo hupita), na joto liliunguza mrija wa nyongo. Mishipa ya damu hupozwa na damu inayopita. Nyongo hutiririka polepole, kwa hiyo mrija huungua, kovu hukaza, njia huziba. Niliwekewa stenti (kijibomba cha kufungua mrija) kwa endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni. Kuwasha kuliisha ndani ya siku chache (nilikuwa nimeshatoboa shuka kwa kucha!).

Jibu 2: Ana homa au anatetemeka?

Mwenye swali: Jana usiku alitetemeka sana.

Jibu 1: Basi funga simu, mpeleke hospitali sasa hivi. Huenda nyongo iliyoziba imeingia maambukizi, au kuna jipu. Waambie tarehe aliyochomwa.